HHT: Damu ya puani inayoficha hatari ya mapafuni

Wengi huanza kutokwa na damu puani utotoni na kuujua ugonjwa wao ukubwani. Madaktari wanakubaliana jinsi ya kuusaka mapafuni. Kuhusu ubongo na dawa mpya, bado wanavutana.

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa amelala kwa ubavu wa kushoto, mkononi ana sindano. Muuguzi anachukua maji ya chumvi yenye hewa kidogo, anayasukuma huku na huko kati ya mabomba mawili ya sindano mpaka yanajaa viputo vidogo sana. Kisha anayaingiza mshipani.

Kwenye skrini ya ECHO, mashine inayopiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, upande wa kulia wa moyo unajaa weupe. Hapo kazi ni kuhesabu mapigo. Kwa mtu mwenye mapafu ya kawaida, viputo huishia mapafuni, maana vimishipa vya huko ni vyembamba mno kuvipitisha. Vikijitokeza upande wa kushoto wa moyo baada ya mapigo kadhaa, jibu limepatikana: ndani ya pafu kuna njia ya mkato.

Anayepatikana na njia hiyo huenda hajawahi kulalamikia kifua. Mara nyingi kilichomfikisha hospitali ni jambo ambalo nyumbani halikuonekana kuwa ugonjwa, yaani kutokwa na muhina, damu ya puani inayokuja bila kugongwa wala kujikuna.

Ugonjwa wenyewe hujulikana kwa herufi tatu, HHT. Ni kasoro ya mishipa ya damu inayorithiwa kutoka kwa mzazi. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 5,000 duniani, wa rangi zote na wa jinsia zote. Hauambukizi. Dawa ya kuuondoa kabisa haipo, lakini madhara yake makubwa yanaweza kuzuiwa yakiwahiwa.

Tatizo ni kuwahi. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kati ya dalili ya kwanza na siku mgonjwa anapoambiwa ana HHT, hupita kwa wastani zaidi ya miaka 25.

Kiungo kinachokosekana

Damu hutoka moyoni kwa msukumo mkubwa kupitia ateri, mishipa yenye kuta nene. Kabla ya kurudi moyoni kupitia vena, hupita kwenye kapilari, vimishipa vyembamba vinavyopunguza kasi yake na kuiwezesha kutoa oksijeni na kubeba taka.

Kwa mwenye HHT, kapilari hizo hazipo katika baadhi ya sehemu za mwili. Ateri imeungana na vena moja kwa moja. Ni kama fundi aliyechomeka mpira laini wa bustani kwenye bomba kuu la mtaa: maji yatapita, lakini mpira utavimba, na siku moja utapasuka.

Maungio hayo yakiwa madogo, huonekana kama vidoa vyekundu kwenye midomo, ulimi, uso, ncha za vidole na ndani ya pua. Yakiwa makubwa, hukaa mapafuni, kwenye ini, ubongoni na mara chache kwenye uti wa mgongo.

Zaidi ya asilimia 90 ya wenye HHT hutokwa na damu puani wafikapo utu uzima. Hadi nusu yao wana mishipa yenye kasoro mapafuni, na karibu mtu 1 kati ya 10 anayo ubongoni. Wapo pia wanaovuja damu tumboni na utumboni, hasa baada ya umri wa miaka 40, bila kuona chochote ila uchovu usiokwisha.

Mfaransa Henri Rendu aliueleza ugonjwa huu mwaka 1896, akautofautisha na hemofilia, ambayo damu yake haigandi vizuri. William Osler, akiwa Baltimore, alifuata mwaka 1901, na Frederick Parkes Weber wa London mwaka 1907. Ndiyo maana vitabu vya zamani huuita kwa majina ya watatu hao.

> Katika HHT damu yenyewe huganda kama kawaida. Kilicho na kasoro ni mshipa unaoibeba.

Kisiwa kilichotoa vigezo

Ukitaja maeneo yenye wagonjwa wengi wa HHT, huwezi kukiruka kisiwa cha Curaçao. Kiko Karibiani, jirani na pwani ya Venezuela, ndani ya Ufalme wa Uholanzi, na kina wakazi wapatao 150,000. Utafiti wa madaktari wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa miongoni mwa wakazi wenye asili ya Afrika wa visiwa vya Curaçao na Bonaire, angalau mtu 1 kati ya 1,331 anao ugonjwa huu.

Sababu iko kwenye historia. Waholanzi walikiteka kisiwa hicho mwaka 1634 na kukifanya kituo kikubwa cha kuuzia watu waliotekwa Afrika. Utumwa ulikomeshwa katika makoloni yao ya Karibiani mwaka 1863.

Mwaka 2000 watafiti waliochunguza familia za visiwani walikuta hitilafu mbili za jeni zikijirudia kutoka familia moja hadi nyingine. Moja ya hitilafu hizo ilipatikana pia katika familia ya Uholanzi kwenyewe. Ushahidi huo unaelekeza kwamba ilivuka bahari na wakoloni, ikaingia kwenye vizazi vya waliotumikishwa.

Kisiwa hicho ndicho kilichovipa jina vigezo ambavyo madaktari wa dunia nzima huvitumia kuutambua ugonjwa huu. Vigezo vya Curaçao vilichapishwa mwaka 2000 na jopo la wataalamu, mwandishi wake wa kwanza akiwa Claire Shovlin wa London. Ni vinne, na vitatu kati ya hivyo havihitaji mashine yoyote:

- Damu ya puani inayojirudia bila sababu.
- Vidoa vyekundu kadhaa kwenye midomo, kinywani, vidoleni au puani.
- Mishipa yenye kasoro katika viungo vya ndani.
- Mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto mwenye HHT.

Mwenye vigezo vitatu au vinne ana HHT bila shaka. Mwenye viwili anashukiwa. Kwa mtoto, kukosa vigezo hakumaanishi kwamba yu salama, kwa kuwa dalili huchelewa. Damu ya puani huanza kwa wastani kwenye umri wa miaka 12, na vidoa huja baadaye zaidi.

Nusu kwa nusu

Mzazi mmoja mwenye HHT anatosha. Kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kurithi. Ambaye hakurithi hawezi kuwapitishia wanawe.

Jeni la kwanza linalohusika, liitwalo ENG, lilitambuliwa mwaka 1994. La pili, ACVRL1, likafuata mwaka 1996. Wachache wana hitilafu kwenye jeni la SMAD4, na hao huota pia vinyama kwenye utumbo mpana vinavyoweza kugeuka saratani, hivyo hupimwa utumbo mapema.

Hitilafu ya familia ikishajulikana, kipimo cha damu kinaweza kumwambia kila ndugu kama anayo au hana. Asiye nayo anaepushwa na vipimo vya maisha yote. Mwenye nayo anaanza kufuatiliwa kabla ya kuumwa.

Lakini ndani ya familia moja ugonjwa hauji kwa sura moja. Baba anaweza kuwa anatokwa na damu puani mara mbili kwa mwaka, binti yake kila siku, na mdogo wa binti huyo asitokwe kabisa ilhali mapafuni ana mshipa mkubwa. Kipimo cha jeni hutaja aliyerithi. Jinsi atakavyoumwa hakisemi.

Pua: karaha ya kila siku

Mgonjwa hawezi kusahau pua yake. Damu huja akiwa anaswali, akiwa kwenye daladala, akiwa katikati ya usaili wa kazi. Wapo wanaoacha mashuka meupe na wapo wanaokataa mialiko ya harusi. Damu ikitoka kila siku, hata kama ni kidogo, madini ya chuma hupungua mwilini. Mtu huchoka, moyo humwenda mbio, na hatimaye anahitaji vidonge vya chuma, chuma cha kuingizwa mshipani au kuongezewa damu.

Huku kwetu anayetokwa na damu puani huambiwa ainue uso juu na kumwagiwa maji baridi utosini. Kuinua uso hupeleka damu kooni na tumboni. Kinachoshauriwa ni kuketi, kuinamia mbele na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unaipanga tiba ya pua kuanzia nyepesi. Kwanza ni kuilainisha kwa maji ya chumvi na mafuta maalumu ili ngozi isikauke na kupasuka. Isiposaidia, hutolewa vidonge vya asidi ya traneksami, ambavyo huchelewesha kuyeyuka kwa damu iliyoganda. Hufuata leza na njia nyingine za kuunguza vidoa, kisha dawa zinazozuia mishipa mipya kuota. Mwisho ni upasuaji: kuweka kipande cha ngozi ndani ya pua, au kuziba matundu ya pua moja kwa moja kwa aliyeshindikana. Aliyezibwa hupumua kwa mdomo maisha yake yote.

Maji ya chumvi yasidharauliwe. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa waligawanywa kupuliza puani dawa tatu tofauti au maji ya chumvi matupu. Hakuna dawa iliyoyashinda maji ya chumvi, na waliopewa maji hayo nao walipata nafuu.

Kuchoma pua kwa umeme mara kwa mara, tiba inayokimbiliwa na wengi, huweza kuharibu ukuta wa kati wa pua. Vilevile pamba iliyoshindiliwa kavu husimamisha damu, lakini ikivutwa hung'oa kidonda na damu huanza upya.

Mapafu: hatari isiyouma

Pamoja na karaha yote ya pua, kinachowaua watu kimya kimya kiko kwingine.

Mapafu huchuja damu. Kidonge kidogo cha damu iliyoganda au bakteria aliyetoka kwenye jino bovu hunaswa kwenye kapilari zake. Palipo na njia ya mkato, uchafu huo hupita moja kwa moja hadi upande wa kushoto wa moyo na kusukumwa ubongoni. Matokeo yake ni kiharusi kwa kijana ambaye hana shinikizo la damu, au jipu la ubongo baada ya kung'olewa jino.

> Mwenye njia ya mkato mapafuni anaweza kukimbia, kulima na kucheza mpira kwa miaka mingi, na dalili yake ya kwanza ikawa kiharusi.

Kwa sababu hiyo wenye tatizo hilo hupewa antibiotiki kabla ya kazi za meno zinazotoa damu. Wakiwekewa dripu, hewa haitakiwi kuingia hata kidogo kwenye mrija. Kuzamia baharini kwa mitungi ya hewa ni marufuku kwao.

Wajawazito wana lao. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mimba nyingi za wanawake wenye HHT huisha salama, lakini karibu asilimia 1 ziliishia kwa kifo cha mama. Waliojulikana mapema kuwa wana ugonjwa huu walinusurika zaidi hatari ilipotokea. Damu ya kukohoa au pumzi kukata ghafla kwa mjamzito mwenye HHT ni dharura, si mafua.

Tiba ya mapafu ndiyo yenye mafanikio makubwa kuliko zote. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa nyonga, huufikisha pafuni kwa kuongozwa na picha za eksirei, na kuziba mshipa mbovu kwa koili za chuma. Kifua hakipasuliwi. Njia hii ilianza miaka ya 1970, na mmoja wa walioijenga ni Robert White, aliyeanzia Johns Hopkins na kuhamia Chuo Kikuu cha Yale. Baada ya hapo mgonjwa hufuatiliwa kwa picha za CT kila baada ya miaka michache, kwa kuwa mshipa uliozibwa unaweza kufunguka na midogo inaweza kukua.

Ubongo: wataalamu wanapopishana

Kuhusu mapafu hakuna ubishi: kila mwenye HHT apimwe hata kama hasikii chochote. Mvutano uko kwenye ubongo.

Miongozo ya kimataifa inataka watu wazima wapimwe kichwa kwa MRI, na mwongozo wa mwaka 2020 ukasisitiza watoto nao. Hoja yao ni kwamba mshipa wa ubongoni ukipasuka huua au huacha ulemavu, na anayejua alichonacho anaweza kukitibu kabla.

Mtandao wa Ulaya wa magonjwa adimu ya mishipa, VASCERN, uliweka msimamo tofauti mwaka huohuo. Wenyewe haushauri kumpima ubongo kila asiye na dalili. Unataka mgonjwa aelezwe faida na hasara, kisha aamue.

Silaha kubwa ya wenye msimamo huo ni utafiti wa ARUBA, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha watu zaidi ya 220 wenye mishipa ya ubongo ya aina hiyo ambayo haikuwa imepasuka. Walioachwa wakatibiwa dalili tu walipata viharusi na vifo vichache kuliko waliofanyiwa upasuaji, kuzibwa mishipa au mionzi. Waliopinga walisema muda wa kuwafuatilia ulikuwa mfupi mno kwa ugonjwa wa maisha yote.

Kinachobishaniwa hapa ni uzito wa kujua. Mtu aliyeambiwa ana mshipa mbovu kichwani, kisha akaambiwa usiguswe, huondoka hospitali akiwa na hofu ambayo hakuja nayo. Asiyeambiwa huenda akapoteza nafasi pekee ya kujiokoa.

Dawa mpya, kumbukumbu chungu

Uwanja wa pili wa mvutano ni dawa. Mwaka 2012 madaktari wa Lyon, Ufaransa, walitangaza matokeo ya bevasizumabu, dawa ya saratani, kwa wagonjwa ambao ini lao, kwa mishipa yake yenye kasoro, lilikuwa likiuchosha moyo. Kati ya 24 waliosomewa vipimo, 20 walipunguziwa mzigo wa moyo. Ni dawa ya gharama kubwa, na haikutengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu.

Nyingine ina jina linalotisha. Thalidomidi iliuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kama dawa ya usingizi na kichefuchefu, ikaondolewa madukani mwaka 1961 baada ya watoto wapatao 10,000 kuzaliwa na ulemavu. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi na wenzao walionyesha kuwa inaimarisha kuta za mishipa: kati ya wagonjwa 7 wa HHT walioitumia, 6 walipungukiwa na damu ya puani.

Binamu yake, pomalidomidi, alijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 144. Matokeo yalichapishwa Septemba 2024, na kuandikisha wagonjwa kulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa faida ilikuwa imeshaonekana. Waliopewa dawa walipungukiwa na damu ya puani kuliko waliopewa kidonge kitupu. Walipata pia madhara, yakiwamo kupungua kwa chembe nyeupe za damu, kufunga choo na vipele. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, dawa hii haitolewi bila masharti makali ya kuzuia ujauzito.

Wanaoitetea wanauliza nani ana haki ya kumnyima nafuu mtu anayeongezewa damu kila mwezi. Wanaotahadharisha wanakumbusha kuwa HHT ni ugonjwa wa maisha yote, na majaribio haya yamefuatilia watu kwa miezi tu. Wote wana hoja, na ndiyo maana dawa hizi huwekwa baada ya maji ya chumvi, traneksami na leza kushindwa.

Hali ya kwetu

Afrika Mashariki mgonjwa mwenye upungufu wa damu hupimwa kwanza malaria, minyoo na selimundu, na ni sawa, kwa sababu hayo ndiyo mengi. Shida huja pale majibu yote yanapotoka safi, mgonjwa akapewa vidonge vya chuma na hakuna anayemuuliza kuhusu pua yake wala ya mama yake.

Kwenye ngozi nyeusi, vidoa vya usoni havionekani kirahisi. Pa kutazama ni ulimi, ndani ya midomo na ncha za vidole. Vingi hufifia vikibonyezwa, kisha hurudi.

Vifaa si kisingizio kikubwa kama inavyodhaniwa. Kipimo cha viputo kinahitaji mashine ya ECHO, maji ya chumvi na mtu aliyefundishwa, na ECHO hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na hospitali nyingine kubwa za kanda. Kuziba mishipa kwa mrija nako kumeanza kuota mizizi: mwaka 2018 wataalamu wa Yale walianza kufundisha tiba radiolojia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka uliofuata shahada ya uzamili ya fani hiyo ikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS).

Kinachokosekana zaidi ni swali la ukoo. Mgonjwa mmoja akigunduliwa, wazazi, ndugu na watoto wake wote wanapaswa kuitwa. Bila hivyo hospitali itakuwa imemtibu mmoja na kuwaacha wengine wasubiri kiharusi.

Kwa hiyo, msomaji, kama wewe au mtoto wako mnatokwa na damu puani mara kwa mara, na kwenye ukoo wenu yupo mwingine wa namna hiyo, au aliyepata kiharusi ama jipu la ubongo akiwa kijana, usiridhike na pamba na maji baridi. Mwambie daktari historia hiyo yote, taja HHT kwa jina, na omba mapafu yapimwe. Na kabla ya kuketi kwenye kiti cha daktari wa meno, au kubeba mimba, hakikisha jibu la kipimo hicho unalo mkononi.